Chui wa Bi Tabia

Walimlaza juu ya boneti ya Landrova mbele ya ofisi ya tawi la chama, kichwa upande wa taa ya kulia, mkia ukining'inia karibu na tairi, na watu wazima, watu wenye wake na wajukuu, wakapanga foleni kumvuta masharubu. Jua lilikuwa lishapanda lakini manyoya ya tumboni yalikuwa bado yana umande. Mtu mmoja alimfungua kinywa kwa kijiti akamchomeka sigara baina ya meno. Wenzake wakacheka. Mpaka leo, na uzee wangu huu, nikisikia watu wengi wanacheka pamoja nje ya nyumba husimama kwanza nyuma ya mlango kabla sijatoka.

Hatua chache kutoka pale, juu ya mchanga usio na kivuli, alikaa Bi Tabia. Miguu kaikunja, kanga kajitanda vizuri, mikono kaiweka juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa. Walikuwa wanasema kwamba chui ni wake. Kamfuga, kamlea, kamtuma kula mbuzi za watu.

Na mimi nilisimama katikati na daftari la idara ya mifugo kwapani, nikiujua ukweli wote, na nikiamini kwamba kuujua kunatosha.

Ilikuwa mwaka 1967, katika kijiji kimoja cha kusini Unguja, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Jambiani. Jina lake silitaji. Wajukuu wa watu wale hawana kosa.

Mimi ni mtoto wa Jang'ombe. Kabla ya kupelekwa kusini, ng'ombe niliyemjua ni yule wa gari lililokuwa likileta makuti mtaani kwetu. Baada ya Mapinduzi wengi waliokuwa wakifanya kazi ya mifugo waliondoka, na serikali ikatuchukua vijana tuliomaliza darasa la nane, ikatufundisha miezi sita: kupiga sindano, kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, kumtazama mnyama aliyekufa na kueleza nini kilichomuua. Hili la mwisho nililipenda kuliko yote. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa maneno machache, hakuturuhusu kusema lolote juu ya mzoga mpaka tuuguse kwa mikono yetu. Nikiwa na miaka ishirini na mbili nikapewa baiskeli, sanduku la dawa na daftari, na wazee wenye ndevu nyeupe wakawa wananiita Bwana Mifugo.

Mwenyekiti wa tawi, Ame Bakar, ndiye aliyenitafutia pa kulala.

“Nenda kwa Bi Tabia,” aliniambia. “Mjane, hana mtoto, na chumba cha uani hakina mtu. Mdomo wake mkali, lakini chakula chake kisafi.”

Mdomo wake ulikuwa mkali kweli. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye viganja vigumu kama ubao, kwa sababu maisha yake yote aliyamaliza katika makumbi ya nazi. Alikuwa akiyafukia pwani, akayafukua baada ya miezi yakiwa yananuka, akayaponda kwa rungu, akasokota kamba. Alikuwa na mbuzi sita. Kila magharibi aliwaingiza jikoni, ndani ya nyumba yenyewe, akafunga mlango na kuuegemezea kinu. Siku ya kwanza nilimweleza kwa adabu kwamba kulaza mbuzi ndani si afya.

“Afya ya nani?” akaniuliza. “Yangu au yao?”

Sababu yake niliijua baadaye. Shaame, ndugu yake Mwenyekiti, alikuwa mkuu wa wasasi wa kijiji, na alikuwa na mbwa tisa wa kuwindia nguruwe. Nguruwe walikuwa wakimaliza mihogo, kwa hivyo kila mtu alimshukuru Shaame, na haki yake kushukuriwa. Lakini mbwa wale walikaa katika ua wa mawe nje ya kijiji, na siku zisizo na msako hakuna aliyewakumbuka kwa chakula. Wakiruka ukuta, wakijitafutia. Mmoja aliwahi kuingia uani kwa Bi Tabia, na Bi Tabia akampiga mchi wa mguu. Shaame alikuja kulalamika mbele ya watu. Bi Tabia akamjibu mbele ya watu hao hao.

“Mbwa mwenye njaa hana kosa. Mwenye kosa ni anayemfuga asimlishe.”

Tangu siku hiyo Shaame hakumwamkia tena.

Chui nilimwona mara moja tu akiwa hai. Masika yalikuwa yamekwisha na nilikuwa nakwenda Jambiani asubuhi mapema kumtazama ng'ombe aliyevimba kiwele. Njia ilipita maweni, na pale mawe yanapozidi ukali nikashuka, nikawa nakokota baiskeli. Nilisikia sauti ya ulimi kabla sijaona kitu. Katika shimo la mwamba lililobakia maji ya mvua, chui alikuwa anakunywa. Alikuwa mdogo, mdogo sana kuliko vile nilivyokuwa nikimhofia, na madoa yake yalikuwa madogo pia, yamesongamana kama mtama uliomwagika. Aliinua kichwa, maji yakimdondoka kidevuni, akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyefika nyumba siyo. Hakunguruma. Akageuka akaingia kichakani, na hakuna jani lililotikisika.

Niliendelea kukokota baiskeli mpaka Jambiani. Jioni nilipomweleza Bi Tabia, hakuacha kusokota.

“Yumo humo tangu mimi msichana,” akasema. “Yeye, na mama yake kabla yake. Anakula paa, anakula kima. Mbuzi akimpata hamwachi, nisiseme uongo. Lakini humchukua mmoja akenda zake. Hana fujo.”

Basi siku moja mwezi wa Agosti nikaitwa kwa mzee mmoja, Hija Mcha. Mbuzi wake wanane walikuwa wamelala wamekufa ndani ya zizi. Nikavua shati, nikapiga magoti, nikawagusa mmoja mmoja kama nilivyofundishwa. Makoo yao yalikuwa mazima. Walikuwa wamechanwa mapaja na matumbo, masikio yametafunwa, na hapana hata mmoja aliyeburutwa. Chui hukaba koo, akamchukua anayemtaka akamle faraghani. Hawa waliuliwa kwa wingi na kuliwa kidogo. Na kwenye tope la mlangoni zilikuwapo nyayo zenye alama za kucha, nyingi, zimepandana. Chui akitembea huficha kucha zake. Mbwa hawezi.

Niliandika katika daftari: *Mbuzi wanane. Mbwa, zaidi ya wanne.* Nikampelekea Mwenyekiti nikiwa na furaha, Mungu anisamehe, furaha ya mwanafunzi aliyepata jibu.

Ame Bakar alisoma, akafunga daftari polepole. Hakuwa mtu mjinga wala hakuwa mtu wa makelele. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda kuniambia kwamba zamani zile watu walikuwa hawajui. Yeye alijua.

“Msabah, wewe umeingia hapa juzi,” akasema. “Mbwa wale wanalinda mihogo ya wananchi. Mtu akisema wanakula mbuzi za wananchi, hayo ni maneno ya kugombanisha watu. Andika chui.”

“Lakini si chui, Mwenyekiti.”

“Chui yupo au hayupo humu msituni?”

“Yupo.”

“Basi.”

Sikuandika chui. Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa. Haikunipitia akilini kwamba ushujaa wangu utalipiwa na mtu mwengine.

Siku zile maneno ya wafuga chui yalikuwa yameenea kisiwa kizima. Ilisemwa kwamba wako watu wenye chui wao, wanawalisha na kuwatuma usiku kwa adui zao, na kwamba lazima wafichuliwe, wao na wanyama wao, ili nchi isafike. Yalikuwako makundi yaliyokuwa yakizunguka shamba kwa shamba na bunduki na waganga. Ame Bakar akapeleka habari mjini. Kundi likaja, watu watano na mganga mmoja aliyevaa koti la kijivu katika joto la saa sita, na mganga yule aliuliza watu waliokusanyika swali moja tu.

“Nani mbuzi zake hazijaliwa?”

Nilikuwapo. Karibu kila nyumba ilikuwa imewahi kupoteza mbuzi, isipokuwa ya yule aliyewalaza wake jikoni. Niliona vichwa vikigeuka, kimoja baada ya kimoja, mpaka vyote vikamwelekea Bi Tabia, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na mzigo wa makumbi kichwani. Wako wanawake pale waliofukia makumbi pamoja naye miaka thelathini. Nao waligeuka.

Shaame aliweka mitego ya kamba maweni, na usiku wa tatu chui akanasa. Walimmaliza kwa mkuki alfajiri. Ndiye huyo niliyemkuta juu ya Landrova, na Bi Tabia juu ya mchanga, na Ame Bakar ameshika kipande cha kamba.

“Hii imetoka nyumbani kwake,” alikuwa akiwaambia watu. “Na tazameni shingo ya chui. Alama ya kamba. Mnyama wa mwituni anafungwa kamba na nani?”

Nafikiri hapo ndipo hasira iliponiingia ambayo haijanitoka mpaka leo. Kamba! Kijiji kile kilikuwa kinaishi kwa kamba. Hakuna nyumba iliyokosa kamba, hakuna kitanda, hakuna ndoo ya kisimani iliyokosa kamba, na nusu ya kamba hizo zilitoka katika viganja vya mwanamke yule aliyekalishwa juani. Na aliyemtia chui kamba shingoni ni Shaame, usiku ule ule, na Shaame alikuwa amesimama hapo hapo na mkuki wake haujapanguswa.

Nikapita katikati ya watu, nikaweka mkono juu ya mnyama. Alikuwa bado hajakakamaa.

“Alama hii ni mbichi,” nikasema kwa sauti. “Ni ya mtego wa jana. Manyoya hayajang'oka, ngozi haina sugu. Angefungwa miezi na miaka pangekuwa na kovu. Huyu hajafungwa na mtu maisha yake.”

Watu walisogea karibu. Nikaona nimewapata. Nikamgeuza chui ubavu ili niwaonyeshe zaidi, na hapo nikaona chuchu zake, zimejaa, na nilipominya moja maziwa yakatoka.

“Na huyu ana watoto,” nikasema. “Tazameni. Ananyonyesha. Ana watoto wake mwituni, anawalea mwenyewe. Huyu ni mnyama wa Mungu tu.”

Nilidhani nawaambia jambo la kuwatia huruma. Shaame alinitazama, kisha akawatazama wenzake.

“Ahsante, Bwana Mifugo,” akasema.

Akachukua mbwa na watu wanne, wakaingia maweni. Nikasimama na mkono wangu una maziwa ya chui. Sikujua nijipanguse wapi.

Walirudi kabla ya adhuhuri na gunia. Walilimwaga mbele ya gari. Walikuwa wawili, kila mmoja si mkubwa kuliko paka wa kawaida, na mbwa walikuwa wameshafanya kazi yao. Hakuna aliyecheka safari hii. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kanga akaondoka. Lakini wengine wote walibaki pale pale, na mganga akatamka kwamba mfugaji alikuwa anataka kuzidisha kundi lake, na watu wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu baada ya kutazama vitoto vile walihitaji kuambiwa neno lolote.

Bi Tabia alikuwa juani tangu saa moja na nusu ya asubuhi. Mganga alimletea kikombe cha maji yenye unga wa majani na kumwambia anywe, aseme aliko chui mwengine.

“Nina kiu,” Bi Tabia alisema, “lakini si ya maji hayo.”

Hakulia wala hakuomba. Mara moja tu niliona midomo yake inatikisika, nikajua anasali, kwani adhana ilikuwa imepita na wao hawakumpa ruhusa kuondoka hata kwa hilo.

Ame Bakar aliniita pembeni, kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi. Alikuwa na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Ilisema kwamba mimi, msaidizi wa mifugo, nimemkagua chui aliyeuawa na kumkuta na dalili zote za chui wa kufugwa, ikiwemo alama ya kamba ya siku nyingi. Na kwamba mbuzi wanane wa Hija Mcha waliuliwa na chui huyo.

“Tia sahihi.”

“Mwenyekiti, huu ni uongo.”

“Nisikilize vizuri,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole. “Hawa jamaa wanarudi mjini leo. Wakiwa na karatasi, kazi yao imekwisha: chui kafa, bibi kasafishwa, kila mtu kwake. Wasipokuwa na karatasi, watamchukua bibi wakamhoji huko. Yule mzee. Unajua watu wanavyohojiwa.”

Nilijua. Kila mtu mwaka ule alijua. Nilisema sitii sahihi, na nilisema kwa sauti, na nilitaka asikie kila mtu. Nilisema mbuzi waliuliwa na mbwa, nikawataja mbwa ni wa nani. Mtu mmoja wa lile kundi akatoka garini akaja kusimama karibu yangu, karibu mno, akaniuliza jina la baba yangu na tulikuwa tunaishi wapi kabla ya sitini na nne. Nikamjibu. Akaandika.

Hapo ndipo Bi Tabia aliponiita. Alikuwa hajasema na mimi siku nzima.

“Msabah.”

“Naam.”

“Andika wanachotaka, mwanangu. Jua linazidi, na mbuzi wangu hawajanywa maji tangu jana.”

Nilitazama nyumba yake. Mlango wa jikoni ulikuwa bado umefungwa tangu jioni ya jana yake, na ukitega sikio ulikuwa ukiwasikia.

Nikatia sahihi. Karatasi niliiweka juu ya boneti, kwa kuwa palikuwa hapana meza, na mkono wangu uligusa mguu wa chui wakati nikiandika jina langu. Wakamwachia. Aliinuka kwa kujisukuma kwa mikono, akakung'uta mchanga kwenye kanga, akenda moja kwa moja kuteka maji. Aliwanywesha mbuzi kwanza. Kisha ndiyo akanywa yeye.

Laiti yangeishia hapo ningeweza kuwaambia watu kwamba nilimwokoa. Nimejaribu kuisimulia hivyo. Haikubali.

Siku kumi na sita baadaye mbuzi watano wa mtu mwengine walikutwa wamechanwa mapaja. Chui alikuwa ameshakwenda mjini juu ya Landrova, na ngozi yake nasikia ilitundikwa ukuta wa mtu. Ungefikiri watu sasa watasema: kumbe. Hawakusema kumbe. Walisema Bi Tabia alikuwa na chui wa pili. Na aliyeuliza ushahidi aliambiwa nenda ofisini kasome, Bwana Mifugo mwenyewe kaandika, mtoto wa watu aliyekaa nyumba moja naye, ana sahihi. Nakala ya karatasi yangu ilikuwa imebandikwa ukutani kwa gundi ya unga wa muhogo. Niliibandua. Kesho yake nikakuta nyingine.

Wanawake wakaacha kufukia makumbi karibu na yeye. Akifika kisimani waliondoka, ndoo nusu. Halafu asubuhi moja akafungua mlango wa jikoni akawakuta mbuzi wake sita wamekufa wote. Niliwagusa mmoja mmoja. Hapakuwa na jino hata moja. Kila mmoja alikuwa na tundu moja ubavuni, safi, upana wa vidole viwili.

Niliandika: *Mbuzi sita. Mkuki.* Nikapeleka idarani mjini, pamoja na barua ya kurasa tatu nikieleza kila kitu, na sahihi yangu ya awali nikaikana. Sijapata jibu. Tangu mwaka huo imepita zaidi ya nusu karne na mimi sijapata jibu.

Bi Tabia hakuwafukia mbuzi yeye mwenyewe. Aliniachia mimi. Aliingia ndani akafunga nguo zake katika kanga moja, akatoka na rungu lake la kupondea makumbi, akakaa juu ya jiwe la mlangoni.

“Mama yako ana nafasi?” akaniuliza.

Mama yangu, Bi Mwanaasha, alikuwa anaishi vyumba viwili Jang'ombe. Nafasi hakuwa nayo. Nilimfikisha Bi Tabia kwa gari la shamba, mama akamtazama, akanitazama na mimi, akamwambia karibu ndani, na tangu siku hiyo wakawa wanalala kitanda kimoja, wakigombana juu ya chumvi ya mchuzi. Mimi niliomba uhamisho, nikapewa machinjio ya mjini. Makumbi mjini hayakuwapo, basi Bi Tabia akawa anasuka mikeka.

Siku hizi hunijia vijana wenye kamera na vifaa vya kunasia sauti, wengine kutoka mbali sana, kuniuliza kama chui wa Unguja yupo au ametoweka. Wanataka kujua ukubwa wake, rangi yake, madoa. Huwajibu. Kisha huwaambia, ngojeni, kuna mwanamke. Wao huangalia saa zao.

Nilioa mwaka 1971. Mke wangu, Wanu, alitoka Jang'ombe hiyo hiyo, msichana anayesema analotaka kusema. Tulihamia nyumba kubwa kidogo mtaani hapo hapo, mimi, yeye, mama yangu na Bi Tabia. Hazijatimia wiki mbili za ndoa, alasiri moja, Wanu akarudi sokoni na kikapu mkononi, akasimama uani bila kukitua. Bi Tabia alikuwa amekaa kwenye kibao anachambua mchicha. Mimi nilikuwa nafunga mnyororo wa baiskeli.

“Shikamoo, Bi Tabia.”

“Marahaba. Mbona hutui mzigo?”

“Nina neno, na nisamehe kwa kulisema,” Wanu akasema. “Sokoni kuna mtu wa kusini anauza kamba. Kaniuliza nnakaa kwa nani. Nilipomtajia, kauvuta mkono wake haraka nisimguse. Kasema wewe ulifuga chui. Na mimi nnalala nyumba hii, na inshallah nitazaa nyumba hii. Nataka unambie mwenyewe. Ni kweli?”

Nilisubiri Bi Tabia awe mkali, kama nilivyomzoea. Hakuwa. Aliokota shina jingine.

“Mwulize mumeo,” akasema. “Yeye ndiye aliyetia sahihi.”

Alilisema kama mtu anayemwelekeza mgeni chumvi ilipo. Miaka minne tulikuwa tumekula sinia moja na hajapata kuitaja karatasi ile, na mimi nilikuwa nimekichukua kimya chake nikakifanya msamaha, bila ya kumwuliza kama ndicho alichonipa.

Wanu akanigeukia. Nikainuka, mikono yangu ina grisi.

“Hakufuga,” nikasema. “Chui alikuwa wa mwituni. Mbuzi waliliwa na mbwa wa Shaame, ndugu yake mwenyekiti wa tawi.”

“Na sahihi?”

“Niliandika uongo.”

“Kwa nini?”

Majibu nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga miaka minne: lile gari, yule mtu aliyeuliza jina la baba yangu, jua, mbuzi wanaolia kwa kiu. Na jibu kubwa kuliko yote, la kweli, ambalo hakuna awezaye kulikataa: kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niandike. Nilifungua kinywa nilitoe hilo.

Bi Tabia alikuwa ameacha kuchambua mchicha. Mikono ameiweka juu ya magoti, uso ameuinua, ananitazama. Naye alikuwa anangoja kusikia.